Je, wajua? Klabu za kujitolea zilianza na urafiki na biashara, huduma ikafuata

Anayehudhuria kwa mara ya kwanza mkutano wa klabu ya kujitolea, iwe Rotary, Lions, Kiwanis au kikundi kidogo kisichojulikana nje ya mtaa wake, mara nyingi huondoka na swali. Watu wameamkiana mpaka wakachoka, wamekula, wametaniana. Mmoja katozwa faini kwa kuchelewa, mwingine kwa sababu picha yake ilitoka gazetini. Mgeni mwalikwa kaeleza habari za ufugaji wa nyuki. Kengele imegongwa, watu wanatafuta funguo za magari. Mradi wa kusaidia jamii ulitajwa kwa dakika chache tu, katikati ya taarifa ya mweka hazina. Sasa kwa nini watu wanaosema wamekutana ili kuwatumikia wengine wanatumia muda wote huo kufurahishana wenyewe?

Jibu ambalo wengi wetu huwa nalo mfukoni ni kwamba huduma ndiyo ilikuwa nia ya kwanza, na hayo mengine yaliongezwa ili watu wasichoke kuja. Lina mantiki. Tatizo ni kwamba historia ya klabu kubwa za aina hii inakwenda kinyume kabisa.

Tuanze na Rotary, maana ndiyo iliyofungua njia. Paul Harris alikuwa mwanasheria aliyelelewa na babu na bibi yake katika mji mdogo wa Wallingford, jimbo la Vermont, kisha akahamia Chicago mwaka 1896. Jijini alipata wateja lakini hakupata marafiki. Mwaka 1900 mwanasheria mwenzake alimkaribisha chakula cha jioni, na baada ya kula wakatoka kunyoosha miguu. Kila duka walilopita, mwenyeji wake aliingia, akamwamkia mwenye duka kwa jina, naye akaamkiwa kwa jina. Harris akaona kitu alichokikosa tangu atoke kijijini: watu wanaofanya biashara pamoja na kujuana papo hapo.

Alilitafakari jambo hilo karibu miaka 5. Tarehe 23 Februari 1905 akakutana na wenzake 3 katika ofisi ya Gustavus Loehr, mhandisi wa migodi, chumba namba 711 cha jengo la Unity. Wengine walikuwa Silvester Schiele, muuza makaa ya mawe, na Hiram Shorey, fundi cherehani. Hawakuzungumzia yatima, wala hospitali, wala maji safi. Walizungumzia urafiki, na namna ya kupeana wateja.

Hilo la kupeana wateja halikuwa jambo la pembeni. Klabu ilipoandika katiba yake ya kwanza mwaka 1906, malengo yalikuwa 2: kukuza maslahi ya kibiashara ya wanachama, na kukuza urafiki kati yao. Basi. Alikuwepo hata mwanachama ambaye kazi yake ilikuwa kuweka kumbukumbu za nani kampa nani biashara. Sheria ya wakati huo ya kuruhusu mwanachama mmoja tu kwa kila fani, ambayo leo husifiwa kama njia ya kukusanya vipaji mbalimbali, ilifaa sana shabaha hiyo: mwenye makaa hakutaka kukaa meza moja na mwenye makaa mwingine. Hata kukutana kwa zamu katika ofisi za wanachama, desturi iliyoipa klabu jina lake (neno la Kiingereza "rotary" hubeba maana ya kuzunguka), kulikuwa na faida yake, kwa sababu kila mmoja alipata nafasi ya kuwaonyesha wenzake anachouza.

Huduma iliingiaje basi? Iliingia kwa sababu mtu mmoja alikataa kujiunga. Mwaka huohuo wa 1906, mwanasheria wa hataza, yaani haki za uvumbuzi, aitwaye Donald Carter alialikwa, akaomba kuisoma katiba, akairudisha. Hoja yake, kwa ufupi, ilikuwa kwamba klabu isiyomfaa yeyote isipokuwa wanachama wake haina maisha marefu. Wangeweza kumwacha aende zake. Badala yake wakamwomba aandike anachokitaka, wakaongeza lengo la 3 kuhusu maslahi ya jiji la Chicago na fahari ya wakazi wake, naye akaingia. Kwa hiyo sehemu ya katiba ambayo leo watu huiona kuwa ndiyo klabu yenyewe iliandikwa ili kumpata mwanachama mgumu.

Na mradi mkubwa wa kwanza wa klabu hiyo? Vyoo vya umma. Kuanzia mwaka 1907 wanachama waliisukuma halmashauri ya jiji ijenge vyoo katikati ya mji. Waliopinga walikuwa watengenezaji wa bia na maduka makubwa, waliosema vyoo vipo tayari, katika baa na madukani mwao. Walisema kweli, ila mwanamume aliyebanwa alijikuta ananunua bia kwanza, na mwanamke alijikuta ananunua bidhaa. Mwaka 1909 vyoo vikafunguliwa karibu na jengo la halmashauri. Sijui kama kuna harakati nyingine ya dunia nzima yenye mwanzo usio na madoido kama huo, na kwa maoni yangu unastahili kutajwa mara nyingi zaidi kuliko inavyofanyika.

Mtu anaweza kusema hiyo ni ajali ya klabu moja. Lakini Kiwanis, iliyoanza Detroit mwaka 1915, nayo ilianza kwa watu kupeana biashara, na ndani ya miaka michache ikageukia huduma. Lions ilitokana na wazo la Melvin Jones, wakala wa bima wa Chicago, aliyekuwa katika kikundi cha wafanyabiashara cha kula pamoja mchana na kusaidiana kibiashara. Yeye ndiye aliyeuliza kwa nini nguvu hizo zisielekezwe kwa jamii. Mwaka 1917 Lions ikaandika kanuni kwamba klabu yake yoyote isiwe na lengo la kuwanufaisha wanachama kifedha. Kanuni ya namna hiyo haiandikwi ila pale ambapo jambo linalokatazwa limeshakuwa mazoea.

Rotary yenyewe haikuona haya sana. Moja ya kaulimbiu zake za zamani, iliyotokana na hotuba za Arthur Frederick Sheldon mwaka 1910 na 1911, ilisema kwamba anayehudumia vizuri zaidi ndiye anayepata faida zaidi. Kaulimbiu nyingine, iliyochukua nafasi ya juu baadaye, inataka huduma iwekwe mbele ya nafsi. Mwaka 1950 zote mbili zilipitishwa rasmi, kana kwamba mfanyabiashara na mhisani walishindwa kukubaliana wakaamua kugawana ukuta.

Kwa hiyo swali linageuka. Tusiulize kwa nini klabu za huduma zina porojo nyingi. Tuulize kwa nini klabu za porojo zilikuwa mahali ambapo huduma ilishika mizizi, tena katika zaidi ya klabu moja.

Fikiria timu ya mpira. Mtazamaji anaona dakika 90 za mechi, na kwake hiyo ndiyo kazi ya timu. Haoni jioni za mazoezi ambazo nusu yake ni utani, kukimbia duara na kugombana kuhusu jezi. Lakini beki anapopiga pasi bila kuinua kichwa, anaupeleka mpira mahali ambapo anajua winga atakuwapo, na hilo hakulijua siku ya mechi. Alilijua kwa kumwona winga huyo mara nyingi, akamjua mguu anaoupenda, akajua pia kwamba akipoteza mpira hurudi kukaba, au harudi. Sasa chukua wachezaji 11 wazuri wasiowahi kuonana, wape jezi na uwanja. Kila mmoja atainua kichwa kabla ya kupiga pasi, na katika sekunde hiyo nafasi inapotea. Hawajapungukiwa uwezo wala nia. Wamepungukiwa taarifa ndogondogo kuhusu wenzao, na taarifa hizo hazifundishwi ubaoni, hupatikana kwa kukaa pamoja wakati hakuna kilicho hatarini.

Katika klabu, ile meza ya chakula ndiyo uwanja wa mazoezi. Angalia beji ambayo wanachama wa Rotary huvaa kifuani: mara nyingi ina jina na fani. Baada ya mikutano kadhaa, katibu anajua kwamba mhasibu hujibu ujumbe usiku, kwamba mwenye lori hutoa ahadi nyingi kuliko safari, na kwamba mwalimu mstaafu asiyesema kitu mkutanoni ndiye anayefika wa kwanza siku ya kazi. Mafuriko yakitokea Jumanne, hakuna haja ya kuunda kamati ya kutafuta nani anafaa nini. Simu 4 zinatosha. Ile sheria ya zamani ya mtu mmoja kwa kila fani, iliyowafaa wafanyabiashara wasiotaka washindani mezani, hapa ililipa kwa namna ambayo huenda hawakuikusudia: kundi lilikuwa na fundi, daktari, mwanasheria na mpishi badala ya mawakala 20 wa bima.

Kuna na upande wa ahadi. Mtu anayesema ndiyo kwa mgeni anaweza kuisahau kwa urahisi. Anayesema ndiyo mbele ya watu 25 atakaoonana nao tena Alhamisi ijayo, na Alhamisi ile nyingine, yuko katika hali tofauti. Karibu na mwaka 1980 mwanasayansi wa siasa wa Marekani, Robert Axelrod, aliandaa mashindano ya programu za kompyuta ambapo kila raundi programu mbili huchagua kushirikiana au kusalitiana. Iliyoshinda iliandikwa na Anatol Rapoport na ilikuwa fupi kuliko zote: huanza kwa kushirikiana, kisha hurudia alichofanya mwenzake raundi iliyopita. Ilifaulu kwa sababu mchezo uliendelea. Mkikutana mara moja tu, msaliti anaondoka na faida yake na hakuna wa kumdai. Bila shaka programu hazioni aibu na hazisengenyi, kwa hiyo mfano huu tusiubebeshe mzigo mkubwa kuliko ulivyo. Binadamu ana zana nyingi zaidi za kumkumbusha mwenzake ahadi, na faini ya mzaha inayotumbukizwa kwenye kikopo ni mojawapo. Inamwambia mkosaji kwamba ameonekana, bila kumvunjia heshima.

Ukilitazama hivyo, hata ukali wa zamani wa Rotary kuhusu mahudhurio unaeleweka. Kwa miaka mingi mwanachama alitakiwa kuhudhuria angalau asilimia 60 ya mikutano, na aliyekosa kwao aliweza kufidia kwa kuhudhuria klabu nyingine yoyote, hata ya nchi ya ng'ambo. Kumfukuza mtu mwema kwa sababu ya mahudhurio kunaonekana ukatili, mpaka ukumbuke kwamba mahudhurio ndiyo yaliyokuwa yanazalisha ule ujuzi wa kuaminiana.

Matunda yake hutajwa zaidi katika vita dhidi ya polio. Rotary ilianza na chanjo nchini Ufilipino mwaka 1979, ikazindua mpango wa dunia mwaka 1985, na kampeni iliyolenga kukusanya dola milioni 120 ikafika dola milioni 247 mwaka 1988. Sifa hiyo igawanywe kwa haki, kwa sababu serikali, mashirika ya Umoja wa Mataifa na wahudumu wa afya wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba walibeba sehemu kubwa sana.

Tahadhari zaidi inahitajika tunapoambiwa kwamba kujiunga na klabu kama hizi kunaleta afya njema au maisha marefu. Tafiti zinazofuatilia wazee wanaojitolea mara nyingi huwakuta na hali bora kuliko wasiojitolea. Lakini mwenye magoti mabovu na pesa kidogo hawezi kwenda kujitolea hata akitaka, kwa hiyo huenda afya ndiyo inayowapeleka watu klabuni.

Tena, urafiki una mlango unaofungika. Rotary iliwazuia wanawake mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ilipotoa uamuzi mwaka 1987 katika kesi iliyohusu klabu ya Duarte, jimbo la California, iliyokuwa imefukuzwa kwa kuwapokea. Kanuni za dunia zilibadilishwa mwaka 1989. Kundi linalojuana vizuri hujua vizuri pia nani si wao, na hili ni zao la mtambo uleule uliotuletea vyoo na chanjo.

Mwaka 2016 Rotary ilizipa klabu uhuru mkubwa wa kupanga mikutano na mahudhurio; siku hizi mikutano 2 kwa mwezi inatosha, na mingine hufanyika mtandaoni. Zipo klabu zilizotumia uhuru huo kufanya kazi zaidi, na zipo zilizobaki na chakula peke yake. Kwa nje ni vigumu kuzitofautisha, maana zote zinacheka. Njia ya haraka ni kumwomba katibu kumbukumbu za mkutano uliopita na kutazama kama kuna jina la mtu limeandikwa mbele ya kazi, pamoja na tarehe.