"Maziwa hayajashuka": dhana potofu za wiki ya kwanza ya kunyonyesha

Mama anayeletewa kopo la maziwa siku ya pili, bila mtu kumweleza mwili wake unafanya nini, hajachagua. Ameamuliwa. Mengi anayoambiwa wiki hiyo, wodini na nyumbani, si kweli.

Dhana: Maziwa hayajashuka, mtoto analala na njaa.

Siku za kwanza titi hutoa dang'a, yale maziwa mazito ya njano, tena kidogo: siku ya kwanza ni kama kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo. Tumbo la kichanga halihitaji zaidi. Maziwa mengi hushuka kati ya siku ya pili na ya nne, na huweza kuchelewa kwa aliyejifungua kwa upasuaji au kwa mara ya kwanza. Kinachoyavuta ni kunyonyesha mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Mtoto akipewa chupa kila anapolia, titi hubaki limejaa, na titi lililojaa hupunguza kutengeneza. Hivyo ndivyo "hayatoshi" ya uongo inavyogeuka kuwa ya kweli.

Usipime kwa kilio wala kwa kukamua uone. Hesabu nepi: siku ya kwanza angalau moja ya mkojo, ya pili mbili, na kuanzia ya tano sita au zaidi. Choo huanza cheusi kama lami, huwa kijani, na kufikia siku ya tano kiwe cha njano. Uzito kupungua hadi asilimia 7 ni kawaida. Ukikaribia 10, mhudumu aangalie mtoto anavyonyonya siku hiyo hiyo.

Wapo akina mama ambao maziwa yao ni machache kweli: waliovuja damu nyingi, waliobakiwa na kipande cha kondo, wenye matatizo ya tezi. Kwao kuongezea maziwa ni matibabu, na hakuna wa kuwalaumu.

Dhana: Kunyonyesha lazima kuume, utazoea.

Maumivu yasiyoisha mara nyingi yanasema mtoto ameshika chuchu peke yake. Elekeza pua yake kwenye chuchu, ngoja apanue kinywa kama anayepiga miayo, kisha mlete yeye kwenye titi. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje, na ule weusi unaozunguka chuchu uonekane zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Chuchu ikitoka imebapa, hakushika vizuri. Penyeza kidole safi pembeni mwa kinywa, mwachishe, uanze upya. Mwombe mkunga akae aone mnyonyo mzima. Kutazama dakika moja hakutoshi.

Dhana: Joto la pwani linataka maji, na chango linataka dawa.

Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88. Kabla ya miezi sita, maji na dawa za chango hujaza tumbo bila kulisha, na huweza kuleta kuhara.

Dhana: Mama mwenye VVU asinyonyeshe.

Akimeza ARV kila siku na virusi vikafubaa, hatari ya kumwambukiza mtoto huwa ndogo sana. Mtoto naye hupewa dawa ya kinga na kupimwa kwa ratiba ya kliniki.

Dhana: Aliyechagua maziwa ya kopo hana la kufundishwa.

Huyu ndiye anayeachwa peke yake, na inasikitisha. Unga ule huweza kuwa na vimelea. Chemsha maji, yatumie kabla dakika 30 hazijapita, yakiwa na nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu joto hilo ndilo linaloua vimelea. Tangulia maji, kisha unga kwa kijiko cha kopo hilo hilo, kilichosawazishwa. Poza kabla ya kumpa. Maziwa uliyochanganya yakipita saa mbili, mwaga. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi humdhoofisha mtoto. Kikombe kidogo husafishika kuliko chupa.

Dhana: Likizo ikiisha, na kunyonyesha kumeisha.

Tanzania, sheria ya ajira ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Aziombe kwa barua kabla hajarudi.

Lolote mtakalochagua, mtoto mwenye homa, asiyeamka kunyonya, au asiyekojoa kwa saa 12 baada ya siku ya tatu apelekwe hospitali mara moja.