Kicheko cha sekunde 65

Tarehe 11 Machi 1957 Wamarekani walimwona kwenye televisheni Lucy Ricardo, mhusika mkuu wa kichekesho cha *I Love Lucy*, akicheza tango na mumewe Ricky sebuleni, huku amefutika mayai kibao ndani ya blauzi. Walikuwa wamehamia shamba na kuanza mradi wa kuku, kuku wakawa hawatagi, na Lucy alikuwa amenunua mayai ili ayapenyeze bandani mumewe asijue. Kabla hajafika huko, Ricky anatokea na kudai wafanye mazoezi ya dansi ya onyesho la shule. Lucy anacheza kwa mbali, kifua amekirudisha nyuma, mikono imenyooka. Ila tango ile ina hatua ya mwisho ambayo haikwepeki: mume na mke wanakutana kwa kishindo, kifua kwa kifua. Wanakutana. Mayai yanapasuka yote.

Watu waliokuwa studio walicheka kwa sekunde 65. Hakuna kicheko kirefu kuliko hicho katika vipindi vyote vya *I Love Lucy*. Chukua saa, nyamaza, hesabu sekunde 65, ndipo utajua ni muda mrefu kiasi gani.

Mimi ni mhariri wa picha na sauti, na vichekesho ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kila ninapoirudia sehemu hii namtazama Lucille Ball, aliyecheza Lucy, baada ya mayai kupasuka. Haongei. Hakimbilii mstari unaofuata. Amesimama pale pale, uso unabadilika polepole kadiri ute unavyoteremka ndani ya nguo, na anawaachia watu wacheke mpaka washibe. Kwenye mazoezi hawakutumia mayai halisi, kwa makusudi, ili siku ya kurekodi ule ubaridi umshtue kweli. Alichojifunza kwa miaka mingi ni kusubiri, na kusubiri ndiko ninakotaka tukuzungumzie, kwa sababu naona kunapotea mikononi mwetu sisi wahariri.

Tuanze na jinsi kipindi kilivyorekodiwa, maana huko ndiko siri ilipo.

Mwaka 1951 vipindi vingi vikubwa vya televisheni Marekani vilirushwa moja kwa moja kutoka New York. Miji ya mbali ilipelekewa nakala iliyopatikana kwa kuelekeza kamera ya filamu kwenye kioo cha televisheni na kupiga picha ya kile kinachoonekana. Nakala hizo zilikuwa hafifu: nyuso zimefifia, kingo zimevurugika. Mdhamini wa kipindi, kampuni ya sigara ya Philip Morris, alitaka Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz, aliyecheza Ricky, wahamie New York ili watazamaji wengi, waliokuwa mashariki ya nchi, wapate picha safi. Wao hawakutaka kuondoka Hollywood. Wakapendekeza warekodi kwenye filamu ya milimita 35, ile ile ya sinema, ili kila mji upate picha nzuri. Gharama ilikuwa kubwa, kwa hiyo wakakubali kupunguziwa malipo, kwa sharti kwamba filamu zenyewe zibaki mali ya kampuni yao, Desilu. Wakubwa wa CBS, shirika la utangazaji lililorusha kipindi, hawakuona tatizo. Wakati ule nani angetaka kutazama kichekesho ambacho kila mtu ameshakiona?

Sharti lile lilizaa utajiri. Lucille Ball alipojifungua mwaka 1953 na kuhitaji kupumzika, vipindi vya msimu wa kwanza vilirudishwa hewani, na watu wakavitazama tena kwa furaha. Biashara ya marudio kama tunavyoijua leo ilipata nguvu hapo. Desilu ilikua hadi ikamiliki studio zake, na baadaye, ikiongozwa na Lucille Ball mwenyewe, ndiyo iliyotengeneza tamthilia ya safari za angani, *Star Trek*. Watu wengi wanamkumbuka kwa kukunja uso tu, na hilo linaniuma, kwa sababu alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuongoza studio kubwa ya televisheni Marekani.

Turudi studio. Arnaz alitaka filamu, lakini alitaka pia watu halisi ukumbini, kwa sababu alijua mkewe anachangamka mbele ya hadhira. Mambo hayo mawili yalikuwa hayapatani. Kwenye filamu ya kawaida unapanga taa kwa ajili ya picha moja, unapiga, unasimama, unahamisha taa, unapiga picha nyingine. Hadhira ya watu wapatao 300 haiwezi kukaa ikingoja mafundi wahamishe taa, halafu icheke utani ule ule mara ya nne. Wakamwita Karl Freund, aliyetoka Ujerumani, ambako alipiga picha za filamu ya *Metropolis* miaka ya 1920, na aliyeshinda Oscar kwa *The Good Earth*. Mzee huyu alizitundika taa juu, zikaangaza seti nzima kwa usawa, sakafu ikabaki wazi kamera zitembee. Kamera tatu zikaenda kwa pamoja: moja inaona chumba kizima, mbili zinashika nyuso. Maikrofoni zikaning'inizwa juu ya hadhira. Igizo likachezwa kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa mpangilio, kama kwenye jukwaa.

Mhariri wa kwanza wa kipindi alikuwa Dann Cahn. Ilibidi apate mashine maalumu ya kutazama filamu tatu kwa wakati mmoja, sambamba na sauti, nayo ikapachikwa jina la "zimwi la vichwa vitatu". Nawaza sana juu ya mashine ile. Ukiwa na kamera moja, wewe mhariri ndiye bwana wa muda: unarefusha, unafupisha, unaweka uso huu baada ya neno lile hata kama vilirekodiwa siku tofauti. Cahn hakuwa na uhuru huo wote. Sauti yake ilikuwa moja, ndefu, na ndani yake mna kicheko cha watu kilichotokea sekunde ile, kwa sababu ya uso ule. Angekikata kicheko, mdomo wa mwigizaji usingeoana na maneno. Kwa hiyo muda wa kipindi uliamuliwa na watu waliokaa kwenye viti, na mwigizaji aliyejua kuwasikiliza.

Mama yake Lucille, DeDe, alihudhuria rekodi hizo, na sauti yake inasikika kwenye vipindi mbalimbali. Binti anapokaribia kujiingiza matatani, kuna mwanamke ukumbini anatoa mguno wa "oo-oo!" kabla wengine hawajashtuka. Ukishaujua, unaanza kuusubiri.

Ustadi huu ulitoka redioni. Kabla ya televisheni, Lucille Ball alikuwa na kipindi cha redio cha CBS kilichoitwa *My Favorite Husband*, na mtayarishaji wake, Jess Oppenheimer, aliona kwamba anasoma mistari vizuri lakini hachezi na hadhira. Akampa tiketi akamtazame mchekeshaji Jack Benny. Benny ndiye aliyekuwa bingwa wa kunyamaza. Mhusika wake alikuwa bahili wa kupindukia, na mwaka 1948 kwenye redio jambazi alimwambia: pesa zako au roho yako. Benny akanyamaza. Watu wakaanza kucheka. Akaendelea kunyamaza, kicheko kikapanda. Jambazi akarudia swali, naye akajibu kwa hasira: "Nafikiria!" Kwenye redio ukimya ni hewa tupu, hakuna hata uso wa kutazama. Kile kimya kilichekesha kwa sababu wasikilizaji walimjua mtu mwenyewe, kwa hiyo walikijaza wao.

Sisi wa Tanzania Bara tunalielewa hilo vizuri, kwa kuwa televisheni ilitufikia mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70. Waliokua na Redio Tanzania Dar es Salaam wanaukumbuka mchezo wa *Pwagu na Pwaguzi* kwa masikio. Na Mzee Small na King Majuto, kabla hatujawaona kwenye kanda na runinga, walikuwa watu wa jukwaani. Mtazame Majuto anapoulizwa swali lisilo na jibu zuri: anageuza shingo, anamwangalia aliyeuliza, macho yanazunguka, ndipo anafungua mdomo. Alikuwa anasikiliza ukumbi, hata pale ambapo ukumbi haukuwepo tena. Kenya nako Benson Wanjau, Mzee Ojwang wa *Vitimbi*, alikuwa na kipaji hicho hicho cha kuuachia uso umalize sentensi.

Sasa kuhusu vicheko vya bandia, maana huwa naulizwa sana. Mhandisi mmoja wa CBS, Charley Douglass, alitengeneza miaka ya 50 mashine yenye vitufe kama vya taipureta na kanyagio la mguu. Ndani yake mlikuwa na mikanda ya vicheko vya watu halisi: cha kubana, cha kupasuka, cha mama mmoja anayechelewa kuelewa. Douglass aliifunga kwa kufuli na kufanya kazi peke yake asionwe. Kwa miaka mingi vipindi vingi vya Marekani vilipita kwake kuongezewa vicheko. Simlaumu, alikuwa fundi mzuri na masikio yake yalikuwa makini. Shida ni kilichowapata waigizaji. Mwigizaji wa kamera moja, asiye na mtu mbele yake, anaacha pengo la kubahatisha, na kicheko kinakuja kujazwa baadaye. Sikiliza kwa makini utagundua kicheko kinaingia kwa adabu na kutoka kwa adabu, hakimsumbui mtu. Kicheko cha kweli hakina adabu. Kinafunika neno la mwigizaji, kinamlazimisha arudie, kinakufa halafu kinafufuka kwa sababu mtu mmoja nyuma ameshindwa kujizuia.

Watayarishaji wa *M\*A\*S\*H*, iliyoanza mwaka 1972 na kuhusu hospitali ya jeshi wakati wa vita vya Korea, waligombana na CBS juu ya jambo hili. CBS ilitaka vicheko. Wakafikia mapatano kwamba ndani ya chumba cha upasuaji kisisikike kicheko hata kimoja. Waingereza walipoirusha kupitia BBC, waliviondoa karibu vyote, na ikawa tamthilia nyingine kabisa, yenye huzuni zaidi. Kwa maoni yangu BBC walifanya vyema.

Niseme pia wazi: si kila cha zamani kinafaa kurudiwa. Katika *I Love Lucy* kuna vipindi ambavyo Ricky anampakata mkewe na kumchapa kama mtoto, na ukumbi unacheka. Mimi sicheki hapo, na ninapovitumia kufundishia naeleza kwa nini. Lakini kipindi hicho hicho kilimweka Mkuba mwenye lafudhi nzito kuwa mume wa Mmarekani mweupe, jambo ambalo CBS walidhani halitakubalika, mpaka wawili hao walipozunguka majukwaani mwaka 1950 kuthibitisha kwamba watu watawapenda. Tarehe 19 Januari 1953, Lucy alipojifungua kwenye kipindi, siku ile ile Lucille Ball aliyojifungua kweli, Wamarekani takribani milioni 44 walikuwa wanatazama. Kesho yake rais mpya, Eisenhower, aliapishwa, na waliomtazama walikuwa wachache kuliko hao.

Vijana wanaoniletea kazi zao za simu wana vipaji vikubwa. Wanaandika vizuri, wanaigiza vizuri, halafu kwenye kuhariri wanakata kila pumzi. Neno likiisha tu, picha inaruka kwa mtu mwingine. Wanaogopa mtazamaji atatelezesha kidole. Naielewa hofu hiyo, ni ya kweli. Lakini utani unahitaji mtu apate muda wa kuona uso wa aliyeumbuka, na uso huo unachelewa kidogo kuliko maneno. Nikiwarudishia nusu sekunde baada ya mstari wenye uchungu, bila kubadilisha kitu kingine, kichekesho kinaamka. Wakati mwingine sekunde nzima.

Anayetaka kujifunza hili aanze na kipindi cha kiwanda cha chokoleti, kilichorushwa Septemba 1952. Wanaume wanajigamba kwamba kazi za nyumbani ni rahisi, wanabadilishana na wake zao. Ricky anapika wali, anamimina mchele mwingi kupita kiasi, sufuria inafura na kumwaga wali jikoni kote. Yeyote aliyewahi kumwachia kaka yake jiko atacheka kabla ya Ricky kugundua. Lucy na jirani yake Ethel wanaajiriwa kufunga chokoleti zinazopita kwenye mkanda wa mashine, na wameonywa kwamba ikipita hata moja bila karatasi, kazi hawana. Mwanzoni mkanda unakwenda polepole na wao wanatabasamu. Unaongeza kasi. Wanaanza kuzila, kuzificha kwenye kofia, kuzisokomeza kifuani. Msimamizi anarudi, haoni chokoleti hata moja mkandani, anaridhika, anaagiza mashine iongezwe kasi.

Itazame mara ya kwanza kwa raha zako. Mara ya pili zima sauti, ukaandike kila mahali ambapo Lucy na Vivian Vance, aliyecheza Ethel, wanakaa na uso mmoja kwa muda unaoonekana kupita kiasi. Kisha washa sauti, upitie orodha yako. Kila ulipoandika, utakuta ukumbi unacheka.