Ndulele, Mnavu na Steroidi za Mimea Yetu

Msafiri anayetoka Dodoma mjini kuelekea Bahi au Kongwa wakati wa kiangazi hukutana na ndulele karibu kila mahali palipolishwa mifugo kupita kiasi: kichaka cha miiba chenye majani ya kijivu na matunda ya manjano ambayo mifugo kwa kawaida huyakwepa. Mizizi yake hutafunwa au kuchemshwa kutuliza maumivu ya tumbo, ya jino na ya koo, na maji ya tunda hupakwa kwenye ngozi yenye ugonjwa. Wananchi hutuuliza kama ni kweli kwamba mmea huu una steroidi, na kama unazo, kwa nini usitumike badala ya vidonge na krimu za hospitali.

Steroidi ni jina la umbo. Molekuli yenye pete nne za kaboni zilizoshikana, tatu za pembe sita na moja ya pembe tano, huitwa steroidi, iwe ni kolesteroli iliyomo katika damu, homoni za uzazi au kotisoli inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo. Ndulele nayo hutengeneza kolesteroli kidogo, kisha huigeuza kuwa solasodini, ambayo nayo ni steroidi na ambayo huifunga kwa sukari ili kupata glikoalkaloidi zinazoulinda mmea dhidi ya wadudu na ukungu. Viwanda vya dawa vimewahi kuitumia solasodini kama malighafi ya kutengenezea homoni, lakini hilo hufanyika kwa hatua kadhaa za kemia ambazo mwili wa binadamu hauziwezi, kwa hiyo anayetafuna mzizi akitarajia misuli au nguvu za kiume hajapata homoni yoyote.

Kuna jaribio dogo la maabara ambalo huwafundisha wanafunzi kuliko michoro yangu yote ya ubaoni. Unga wa tunda lililokaushwa huchemshwa katika maji, huchujwa, kisha maji hayo hutikiswa kwa nguvu ndani ya chupa. Povu hupanda na kukaa hapo kwa dakika 10 au zaidi, kana kwamba mtu ametia sabuni. Linatokana hasa na saponini, ndugu wa karibu wa glikoalkaloidi, kwa kuwa molekuli za makundi yote mawili zina upande unaopenda mafuta na upande wa sukari unaopenda maji. Utando wa nje wa seli zetu una kolesteroli, na glikoalkaloidi huing'ang'ania kolesteroli hiyo mpaka utando unatoboka. Seli ya saratani iliyowekwa kwenye kisahani cha maabara hufa kwa namna hiyo, na hapo ndipo zinapoanzia habari za ndulele kuponya saratani. Lakini seli za utumbo wa mgonjwa nazo zina utando wa aina hiyohiyo. Aliyezidisha huanza na kichefuchefu, kutapika, kuhara na kuumwa kichwa, na hali ikiwa mbaya huchanganyikiwa.

Jikoni tunaishi na mimea ya jamii moja na ndulele kila siku. Mnavu unaouzwa kwa mafungu sokoni Majengo ni mboga salama, kwa sababu majani machanga yana kiasi kidogo cha glikoalkaloidi na maji ya kuchemshia yakimwagwa huondoka na sehemu ya uchungu, ilhali matunda yake mabichi ya kijani hayafai kuliwa. Viazi mviringo ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi, hasa vinavyoanikwa juani kutwa nzima mbele ya kibanda mpaka vikawa vya kijani. Nchi nyingi hutumia miligramu 200 kwa kilo ya viazi kama kikomo cha glikoalkaloidi, na kuchemsha hakuzivunji, kwa hiyo sehemu ya kijani na machipukizi vikatwe kwa kina, na kiazi kinachowasha koo kitupwe.

Mmea mwingine wa jamii hii ni ashwagandha, ambayo huota yenyewe katika maeneo makavu ya Afrika Mashariki na ambayo vidonge vyake sasa vinatangazwa mitandaoni. Steroidi zake huitwa vithanolidi. Majaribio madogo ya muda mfupi kwa binadamu yameonyesha kwamba inaweza kupunguza msongo na kusaidia usingizi, lakini zipo pia taarifa za watumiaji walioumia ini, na Denmaki iliipiga marufuku mwaka 2023. Wajawazito, wenye ugonjwa wa ini na wanaotumia dawa za tezi ya shingo wasiiguse.

Anayekwenda kwa mtaalamu wa tiba asili aliyesajiliwa chini ya Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 amweleze dawa zote anazomeza, na akilazwa, amwambie daktari ni mzizi, jani au tunda alilotumia, na lilikuwa bichi au limeiva. Aliyekula tunda la ndulele na kuanza kutapika apelekwe kituo cha afya mara moja, pamoja na tawi la mmea wenyewe ndani ya mfuko, ili daktari asilazimike kukisia.