Uzi wa sufu wa kuchovya mwenyewe: sweta huanzia sufuriani

Kila ikikaribia Juni simu yangu haitulii. Alfajiri za Tabora huwa na baridi kali miezi hiyo, na kinamama wanataka sweta, kofia na soksi za watoto wachanga. Wengi huagiza zile za uzi ninaouchovya mwenyewe. Na wanaojifunza kwangu huja na lalamiko lilelile: rangi imegoma kushika.

Mara nyingi kosa si la rangi, ni la uzi. Uzi mwingi wa kufumia unaouzwa madukani ni akriliki, yaani plastiki. Huo uchemshe na maganda ya vitunguu kutwa nzima, ukiusuuza unarudi ulivyokuwa. Kata kipande kifupi ukichome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zinazoungua, na jivu lake likipoa hupondeka vidoleni. Akriliki huyeyuka ikaacha kidonge kigumu.

Sufu naipata kwenye mitumba, maana kondoo wetu wa huku wana manyoya mafupi yasiyosokoteka. Natafuta sweta jeupe la sufu tupu, naligeuza nje ndani, nakagua mishono ya ubavuni. Kama kitambaa kilikatwa kwa mkasi ndipo kikashonwa, naliacha, kwa sababu ukilifumua utapata vipande vifupi vifupi. Kama kila upande ulifumwa peke yake, uzi unatoka mrefu. Nauzungusha kwenye mgongo wa kiti hadi uwe duara kama kata ya kubebea ndoo, naufunga sehemu nne bila kukaza, naulowesha, kisha nautundika na kitu kizito chini mpaka mikunjo inyooke.

Mimi nilitokea kwenye batiki, na ujuzi ule karibu uniponze. Kata yangu ya kwanza ya sufu niliitumbukiza kwenye dawa ya batiki yenye kostiki, maji yakiwa ya moto. Nilipoingiza kijiti kuinyanyua, ilikuja kama ugali mbichi, inateleza na kukatika. Nililia, kwa kweli. Pamba ni mmea, inaivumilia kostiki. Sufu ni protini kama nywele zako, na kostiki huiyeyusha. Ili rangi ishike, sufu inataka shabu, ileile ya kutakasia maji. Kwa gramu 100 za uzi mkavu natumia gramu 10 hadi 12, nimeiyeyusha kwanza kwenye maji ya moto.

Rangi nazitoa karibu. Maganda makavu ya vitunguu, uzito sawa na wa uzi, hutoa njano iliyokolea inayoelekea rangi ya chungwa. Majani ya mwembe, na miembe hapa Tabora hatuna shida nayo, hutoa njano tulivu zaidi. Bizari manjano inavutia sana siku ya kwanza, lakini jua huila upesi, kwa hiyo siitumii kwenye kazi ya kuuza. Chemsha majani au maganda, chuja, acha maji yapoe, ndipo uingize uzi uliokwisha kulowa kwenye maji ya shabu. Pandisha moto taratibu hadi maji yaanze kutoa mvuke bila kutokota, kaa hapo kama saa moja, kisha acha uzi upoe humohumo. Ukiutoa kwenye moto ukaupeleka bombani, au ukiukoroga kwa nguvu, unagandamana kama blanketi. Na sufuria hiyo isirudi jikoni.

Sasa kufuma. Sufuria mbili hazitoi rangi moja, hata kata moja ina sehemu iliyokunywa zaidi. Bibi mmoja aliniletea sweta la mjukuu wake akaniuliza, "Mwanangu, mbona mikono ina mabaka na kifua hakina?" Alikuwa na haki. Kifua kilikuwa na vitanzi 60 kwa mstari, mkono 30. Kipande kilekile cha uzi uliokolea rangi kidogo kilichomalizika katika mstari mmoja kifuani kilijaza miwili mkononi, kikawa baka. Nilifumua mikono yote miwili. Tangu hapo nachovya uzi wote wa sweta moja kwa pamoja, nauviringa madonge mawili, nafuma mistari miwili kwa donge hili na miwili kwa lile, mwanzo hadi mwisho. Mabaka yanavunjika yenyewe.

Na usihangaike na misuko na matundu ya urembo kwenye uzi wa namna hii, jicho halitayaona. Mfumo wa kawaida, ulio sawa pande zote mbili, ndio unaoonyesha rangi inavyopanda na kushuka.

Nikimkabidhi mama sweta namwelekeza: maji ya uvuguvugu, sabuni laini, minya bila kusokota, kisha lilaze juu ya taulo kivulini. Usilianike kwenye kamba, litarefuka mpaka limfikie mtoto magotini.