Sosi Nyeupe Haikuwa ya Sokrates

Wiki iliyopita kijana mmoja mstaarabu, shati limenyooka, alikuja mgahawani kwangu, akaonja musaka yangu, ile sahani ya Kigiriki ya biringanya na nyama ya kusaga, vijiko viwili, akaweka kijiko chini na kuniita. "Dada, samahani, lakini hii siyo musaka. Mimi nimefika Santorini, Ugiriki. Ya kwao juu ina sosi nyeupe, nene hivi." Akanionyesha unene kwa vidole. "Hii mmeipunguza. Ile ndiyo asili yao, tangu enzi za akina Sokrates."

Huyo ni wa tano mwaka huu. Wa kwanza nilimweleza kwa upole, wa pili kwa kirefu, wa tatu nilinyamaza, wa nne nilimpunguzia bei ili aondoke. Wa tano ndiye aliyenifanya niandike haya. Nikimaliza nitachapisha karatasi niibandike karibu na kaunta, nimpumzishe mhudumu wangu.

Tuanze na Sokrates, yule mwanafalsafa wa Kigiriki wa kale, maana huyo hachukui muda. Aliuawa mwaka 399 kabla ya Kristo. Biringanya lina asili ya Asia, na lilifika pande za Mediterania kupitia Waajemi na Waarabu, karne nyingi baada yake. Nyanya na viazi vimetoka Amerika, kwa hiyo kabla ya safari ya Columbus ya 1492 hakuna Mgiriki aliyewahi kuviona. Mpelekee Sokrates musaka yenye vitu alivyovijua tu, utampa nyama, kitunguu na mafuta ya zeituni. Hata jina musaka si la Kigiriki, ni la Kiarabu lililopitia kwa Waturuki. Mashariki yote ya Mediterania wana sahani ya jina hilo, na kule Bulgaria na Romania wanaipika kwa viazi. Hao wote hawakuiba kwa mtu.

Sasa sosi nyeupe. Unga, siagi, maziwa, kungumanga kidogo: Wafaransa wanaiita béchamel. Kuisimika juu ya musaka ya Kigiriki ni kazi ya mpishi mmoja, Nikolaos Tselementes, aliyezaliwa 1878. Alisomea upishi Vienna, mwaka 1910 akaanzisha jarida la mapishi Athens, miaka ya 1920 akaenda kupika Marekani, kisha akarudi. Kitabu chake cha mapishi kilienea mpaka jina lake likawa neno: mama wa Kigiriki akisema "niletee tselementes" anataka kitabu cha mapishi, cha mtu yeyote. Bwana huyu aliona viungo vingi na mafuta mengi ni uchafu ulioachwa na Waturuki, akaamua kuvisafisha. Aliamini upishi wa Ulaya wenyewe una mizizi Ugiriki, kwa hiyo kuuleta Athens ni kuurudisha kwao. Akapunguza viungo, akaongeza siagi, akamwaga sosi nyeupe.

Kwa hiyo "asili" unayonifundisha ina umri wa miaka mia hivi, na aliyeitengeneza ni mtu aliyekwenda kujifunza na kupika ughaibuni. Sosi yenyewe siichukii. Ni tamu, nami naipika Jumapili. Kinachonichosha ni kuambiwa kuwa bila hiyo mtu amekosea.

Musaka yangu ya kila siku nimeirithi kwa babu, mzaa mama, aliyekuwa mpishi kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe tangu miaka ya hamsini. Mwenye shamba alikuwa Mgiriki, na aliyemfundisha babu jikoni ni mke wake, ambaye wafanyakazi walimwita Mama Mgiriki. Alizaliwa kijiji cha nyuma ya Izmir, mji ambao Wagiriki waliuita Smyrna, akaondoka akiwa mtoto mgongoni mwa dada yake. Biringanya zilikatwa, zikatiwa chumvi, zikaachwa zitoe maji, zikakamuliwa ndipo zikakaangwa. Nyama ya kusaga ilipikwa na nyanya, mdalasini, bizari nyembamba na pilipili manga. Juu ilinyunyiziwa chenga za mkate mkavu, basi. Oveni haikuwepo: sufuria nzito, mkaa chini, mkaa juu ya kifuniko, kama tunavyochoma mkate wa mchele. Musaka hiyo haikupungukiwa kitu. Ilitoka kwa mama yake yule bibi, na mama yule hakuwa na habari za Tselementes.

Hapa naomba uvumilivu, maana ndipo watu wanaponichanganya kabisa. Watu wengi wanadhani ughaibuni wa Wagiriki ni hivi: kuna nyumbani, Ugiriki, chakula kimekaa pale kimetulia, halafu watu wanatoka, wanakwenda Chicago na Melbourne na Tanga, kinaharibika njiani. Kumbe sehemu kubwa ya chakula kinachoitwa cha nyumbani kimeingia Ugiriki kikiwa kimebebwa na wahamiaji.

Septemba 1922, vita vya Ugiriki na Uturuki vikielekea mwisho, Smyrna iliungua. Januari 1923, Lausanne kule Uswisi, Ugiriki na Uturuki zikatia saini mkataba wa kubadilishana watu kwa lazima. Kigezo kilikuwa dini. Lugha haikuulizwa. Mkristo wa Orthodoksi wa bara la Anatolia, Uturuki ya leo, ambaye kutwa nzima alizungumza Kituruki na Kigiriki hakijui aliambiwa wewe ni Mgiriki, nenda kwenu. Mwislamu wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, aliyeimba na kugombana kwa Kigiriki aliambiwa wewe ni Mturuki, nenda kwenu. Takriban milioni 1.2 waliingia Ugiriki, nchi iliyokuwa na watu kama milioni tano, na Waislamu wapatao laki nne wakatoka. Hebu piga hesabu: katika kila watu watano au sita, mmoja ni mgeni aliyeshuka jana na godoro.

Na wenyeji hawakuwapokea kwa ngoma. Waliwaita "mbegu ya Waturuki". Waliwaita pia "waliobatizwa kwa mtindi", kwa sababu ya mtindi waliotia katika kila chakula. Tusi la mapishi, sijasikia jingine kama hilo. Wakajenga vitongoji wakavipa majina ya kule walikotoka na neno "nea", yaani mpya, mbele yake: Nea Smyrni, Nea Ionia, Nea Filadelfia. Wakafungua vibanda na mikahawa. Zile kababu ndefu za bizari nyembamba na kitunguu saumu ndani ya mchuzi wa nyanya, soutzoukakia, leo kila mgahawa wa Athens unaziuza kama chakula cha bibi. Kweli ni za bibi, lakini bibi mwenyewe aliitwa mbegu ya Waturuki.

Baadhi yao hawakukaa. Marekani ilikuwa imefunga mlango: sheria ya 1924 iliwapa Wagiriki nafasi 100 tu kwa mwaka. Wengine wakaelekea Misri, ambako Aleksandria ilikuwa na Wagiriki wengi tangu zamani, wengine Australia, wengine Kongo ya Wabelgiji, wengine huku kwetu. Huku walikuta wenzao waliotangulia enzi za Wajerumani, wakandarasi wa reli, ambao baadaye waligeukia mkonge, na kahawa kule Arusha na Moshi.

Ukitaka ushahidi wa haya bila kufungua kitabu, nenda Mnazi Mmoja. Ule Ukumbi wa Arnautoglu, ambao sisi tunausema Anatoglo tukadhani ni neno la Kizaramo, una jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Sasa lichambue jina lenyewe. Oglu ni Kituruki, maana yake mwana wa. Arnaut ni jina ambalo Waturuki waliwaita Waalbania. Mgiriki, jina la Kituruki, maana yake mwana wa Mwalbania, liko juu ya ukumbi Dar es Salaam. Halafu mtu ananiuliza musaka ya Kigiriki halisi.

Na sisi Waswahili ndio watu wa mwisho tunaopaswa kushangaa. Wagiriki bamia wanaita bamies. Pilau ni pilafi. Haluwa ni halvas. Maneno haya yamezunguka bahari mbili na kila bandari ikayafanya yake. Ninalolipenda kuliko yote ni saganaki, ile jibini inayokaangwa kwenye kikaango kidogo. Sagani ni chombo, limetoka kwa Waturuki, nao wamelitoa kwenye Kiarabu, neno lilelile lililotupa sisi sahani. Aki ni kudogosha, kama ki yetu. Saganaki, ndugu zangu, ni kisahani. Mpishi wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo.

Saganaki hiyohiyo, ukiila Chicago, mhudumu anaimwagia pombe kali, anaiwasha moto mbele yako, anapiga kelele "Opa!" Mchezo huo ulianza 1968 katika mgahawa wa The Parthenon, mtaa wa Halsted, na wageni wakaudhania ni mila ya kale. Ugiriki hawakuwa na habari nao. Nikiri: ule moto ninauona ni vituko, lakini siwezi kuwacheka na wakati huohuo nimtetee babu. Wote walifanya kitu kimoja, walipika kwa kilichokuwepo na kwa ajili ya aliyekuwa mezani. Tofauti ni kwamba babu hakuwa na wageni wa kupiga kelele.

Gyros, ile nyama inayochomwa ikizungushwa, ni hadithi hiyohiyo, sitawachosha. Döner ya Waturuki maana yake inazunguka, shawarma ya Waarabu imetokana na neno la Kituruki la kuzungusha, gyros ni mzunguko kwa Kigiriki. Nyama moja, majina matatu, yote yanazunguka. Na kahawa ya Kigiriki wengi waliiita ya Kituruki mpaka ugomvi wa Ugiriki na Uturuki juu ya Cyprus mwaka 1974. Ni ileile yenye masimbi chini ya kikombe.

Wagiriki wa Misri ningewaandikia ukurasa wao. Baada ya Rais Nasser kutaifisha mali, wengi waliondoka, wakafika Athens wakitamani ful, yale maharage ya Kimisri, na mulukhiya. Mulukhiya, kwa wasiojua, ni jamaa wa mlenda wetu, unavutika vilevile. Hebu fikiria Mgiriki ndani ya Athens akisaka mlenda. Huyo tumwambie nyumbani kwake ni wapi?

Kuna jambo moja sitaki liachwe, kwa sababu watu wakisikia habari za wahamiaji wanalainika. Mama Mgiriki aliteseka utotoni, ndiyo. Lakini kule Korogwe yeye ndiye alikaa mezani, na babu alikula jikoni, amesimama. Mapishi alimfundisha vizuri, mshahara ulikuwa mdogo. Azimio la Arusha la 1967 lilipokuja na mashamba makubwa ya mkonge yakataifishwa, familia ile ikafunga mizigo, na babu akabaki na sufuria nzito aliyoachiwa. Nimeulizwa mara nyingi kama naiona zawadi au deni ambalo hawakumlipa. Siku nyingine naiona zawadi.

Na mimi mwenyewe si msafi. Kwenye menyu yangu, chini kabisa, kwa herufi za kulala, imeandikwa "musaka ya asili". Niliandika mimi, kwa sababu inauza. Yule kijana alikuwa na haki ya kunishika kwa neno langu, na nashukuru hakusoma mpaka chini. Nimeshalifuta. Sasa pameandikwa "musaka ya Korogwe" na "musaka ya sosi nyeupe", bei moja. Ile ya sosi nyeupe inaisha kabla ya saa nane.

Halafu kuna suala la iliki. Kwenye nyama babu alitia punje mbili za iliki zilizopondwa, nami ninazitia. Mwaka juzi nilipikia wageni watatu wa Kigiriki, wazee, mmoja akasimamisha uma hewani akauliza hii harufu ni ya nini. Nilipomwambia, akatikisa kichwa: kwao iliki haiingii kwenye musaka, haijawahi. Nikampigia mama simu usiku ule. Mama akacheka. Iliki, alisema, ni ya bibi yako, alikuwa anaipenda kwenye pilau, na babu yako asingeweza kula chakula kisicho nayo.

Yule mzee alimaliza sahani yake. Iliki sijaitoa.