Kivuli cha mvua ni cha upepo, si cha mlima

Kivuli cha mvua ni eneo kavu lililo nyuma ya mlima, upande ambao upepo hushukia baada ya kuuvuka. Hewa yenye unyevu ikikutana na mlima hulazimika kupanda, na ikipanda hupoa, mvuke wake ukawa mawingu, kisha mvua ikanyesha upande huo wa kwanza, ambao mabaharia wa majahazi wangeuita wa joshini. Ikifika upande wa demani imekwisha kupoteza unyevu mwingi, na kwa kuwa hupata joto kadiri inavyoshuka, hata mawingu yaliyosalia hutoweka. Maana ni hiyo, na aliyesoma jiografia ya sekondari anaijua.

Kinachokera ni namna istilahi hii inavyopachikwa kila Chile inapotajwa. Husemwa kwamba nchi hiyo, yenye urefu wa takriban kilomita 4,300 na upana wa wastani usiofika kilomita 200, "iko katika kivuli cha mvua cha Andes", kana kwamba safu ya milima ikiwa moja, basi na kivuli ni kimoja. Mlima haubanduki mahali pake. Upande wa kivuli huamuliwa na mahali upepo unakotoka, na katika nchi iliyonyooka kutoka kaskazini hadi kusini kiasi hicho, upepo hauwezi kuwa mmoja.

Arica, mji wa kaskazini kabisa, hupata kwa wastani chini ya milimita 1 ya mvua kwa mwaka, na kuanzia Oktoba 1903 hadi Januari 1918 haukupata mvua yoyote. Huko upepo wa juu wenye unyevu hutoka mashariki, upande wa Amazon, nao hushusha mzigo wake kabla ya kuufikia mwambao. Ndiyo maana nyanda za juu za mpakani na Bolivia hupata mvua mwezi wa Januari na Februari ilhali pwani iliyo chini yake ni kavu. Kusini mambo hugeuka. Pepo za magharibi huvuma kutoka Pasifiki na kugonga milima ile ile kwa upande wa Chile, hivyo Valdivia hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, baadhi ya visiwa vya Patagonia ya magharibi hupita 4,000, na karibu kivuli chote huangukia Argentina. Santiago, iliyo katikati, hupata mvua zake nyingi kati ya Mei na Agosti, kwa sababu majira ya baridi ndipo pepo hizo zinapopanda kaskazini kiasi cha kuifikia.

Hata huko Arica, kivuli ni sehemu tu ya sababu. Mkondo wa Humboldt, yaani maji baridi ya bahari yanayopita mwambao huo, huipoza hewa iliyo juu ya bahari, na juu ya hewa hiyo kuna nyingine yenye joto, inayoshuka kutokana na mgandamizo mkubwa wa hewa juu ya Pasifiki, ambayo huikalia ile ya chini kama kifuniko. Hewa baridi haipandi, na isipopanda hakuna mvua, ingawa unyevu upo tele. Wenyeji huuona kila mara katika ukungu wanaouita camanchaca. Katika miaka ya 1990 kijiji cha Chungungo, katika pwani ya Coquimbo, kilipata maji yake kwa nyavu zilizosimamishwa vilimani, ambapo matone ya ukungu yalinasa kwenye nyuzi, yakatiririka hadi kwenye mfereji uliokuwa chini ya kila wavu, kisha yakateremka kwa bomba. Ukame wa mahali penye ukungu wa namna hiyo hauwezi kuelezwa kwa mlima peke yake.

Kwa hiyo anayependa kuitumia istilahi hii kwa Chile si lazima aiache. Akiandika juu ya Arica, na aongeze mkondo wa baridi na hewa inayoshuka. Akiandika juu ya Valdivia, aiweke kando kabisa. Mji wa Chile unaostahili hasa kuitwa hivyo ni Punta Arenas, ulio kusini kabisa lakini mashariki ya safu kuu, ambako pepo za magharibi hufika zikiwa zimekwisha kumwaga mvua nyingi njiani, na kwa mwaka mzima huubakishia mji huo takriban milimita 400.