Hafifu kwa macho, kali kwa moto: nyota ya pembeni mwa Shira

Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama ufuoni Dunga hapa Kisumu, utaona taa za wavuvi wa omena zimetapakaa ziwani. Nyingine zinang'aa, nyingine zimefifia hadi unashuku kama zipo. Taa iliyofifia huenda ni kubwa ila iko mbali, au iko karibu ila ni ndogo. Ukiwa nchi kavu huwezi kukata shauri mpaka ujue mtumbwi uko umbali gani.

Nyota nazo ni vivyo hivyo. Wageni wanaokuja kuchungulia kwenye darubini yetu huniuliza mara kwa mara kama nyota hafifu ni nyota dhaifu, nami huwajibu kwa kuwaelekeza kwa Shira, yaani Sirius, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Shira ina mwenzake, Sirius B. Zote mbili ziko umbali wa miakanuru 8.6 kutoka kwetu (mwakanuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), kwa hiyo hapa umbali hauwezi kulaumiwa. Hata hivyo ile kubwa huonekana iking'aa zaidi ya mara 9,000 kuliko mwenzake.

Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Bessel alitambua kwamba Shira haisafiri angani kwa mstari mnyoofu. Inayumba, kama mtu anayevutwa mkono na mwenziwe gizani. Tarehe 31 Januari 1862 Alvan Graham Clark, akijaribu lenzi mpya ya darubini huko Marekani, akamwona huyo mvutaji. Huzungukana kwa muda wa miaka 50 hivi, na mzunguko huo ndio mizani yetu: Sirius B ina tungamo karibu sawa na la Jua.

Uzito wa Jua, jirani wa karibu, na bado hafifu hivyo? Dhana iliyokuwapo ni kwamba imepoa. Kisha mwaka 1915 Walter Adams, katika kituo cha kutazamia nyota cha Mount Wilson, California, akaichambua spektra yake, yaani nuru yake iliyotawanywa katika rangi zake, na kukuta nuru ya nyota yenye moto mkali, nyeupe inayoelekea samawati.

Rangi hiyo haidanganyi. Mtazame fundi wa jua kali pale Kibuye akifua chuma: kinaanza chekundu, kinageuka rangi ya chungwa, kisha njano, kisha kinakaribia weupe. Kingeweza kuongezwa moto zaidi kingefika samawati, lakini chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, mapema mno. (Mwali wa samawati wa jiko la gesi msiutumie kama mfano, rangi yake hutokana na molekuli zinazoungua, si na joto pekee.) Uso wa Jua una takriban nyuzi 5,500. Uso wa Sirius B una nyuzi 25,000 hivi. Kwa joto hilo kila mita ya mraba humwaga nishati zaidi ya mara 300 ya ile inayomwagwa na mita ya mraba ya Jua, na sehemu kubwa yake ni miale ya urujuanimno ambayo jicho halioni.

Likibaki jambo moja la kuueleza ufifi wake, ni udogo. Eneo la uso wake halifiki hata sehemu moja kati ya 10,000 ya lile la Jua. Kwa upana nyota hii ni ndogo kuliko Dunia: kutoka kitovuni hadi usoni ni kama kilomita 5,850, ilhali Dunia ina 6,371. Hapa ndipo mimi hushindwa kuzoea, ingawa nimefundisha hesabu hizi miaka mingi. Jua zima limeshindiliwa ndani ya tufe linaloweza kuingia ndani ya Dunia! Kijiko kimoja cha chai cha mata hiyo kingekuwa na zaidi ya tani 10, mzigo wa lori zima la miwa ya Muhoroni. Uvutano usoni ni karibu mara 400,000 ya huu wetu. Gorogoro ya mahindi ya kilo 2 ingelemea kama tani 800 za hapa.

Nyota ya aina hii huitwa kibete nyeupe. Ni kiini kilichobaki, hasa cha kaboni na oksijeni, baada ya nyota kubwa kumaliza fueli yake na kupeperusha tabaka za nje. Haichomi tena chochote. Kinachoizuia isijikunje zaidi ni elektroni zake, zile chembe ndogo za atomu: zikibanwa mno, hukataa kukaa pamoja katika hali moja, na kukataa huko ni shinikizo lisilohitaji joto. Kwa hiyo itapoa polepole kwa mabilioni ya miaka bila kusinyaa sana, kama kaa la jikoni ambalo hakuna anayelipuliza.

Katikati ya Februari, kati ya saa tatu na saa nne usiku, Shira hupita karibu na utosi wetu, kusini kidogo. Fuata mstari wa nyota tatu za mkanda wa Jabari, yaani kundi la nyota la Orion, utaifikia. Sirius B haionekani kwa macho matupu, na mng'ao wa mwenzake huifunika. Lakini mwaka 1994 zilikuwa zimekaribiana kabisa, na tangu hapo zimeachana, hivyo miaka hii ya 2020 ndiyo nafasi nzuri. Chagua usiku ambao Shira haimetimeti sana, maana hewa imetulia, tumia darubini yenye kioo cha sentimita 20 au zaidi, na uiache ipoe nje kwanza kabla ya kuchungulia.